Daktari Akisema: "Mama, Punguza Uzito"

Wasomaji wetu wa Eringeti, na ninyi wa Oicha, Mbau na Beni, mwajua jinsi mtu anavyosalimiwa akirudi nyumbani baada ya kukaa mbali miezi mingi. Watu humtazama kwanza mashavu. Akiwa amejaa usoni, husikia sauti za furaha: "Ee, umenenepa! Kumbe ulikokwenda ni kuzuri!" Akiwa amekonda, sauti hushuka, na mwenye kumsalimu humwuliza polepole: "Yaya, ulikuwa mgonjwa?" Salamu hii twaijua tangu utoto wetu, wala hakuna aonaye ubaya ndani yake.

Basi, mtu aliyelelewa katika salamu ya namna hii, siku moja aenda hospitali kwa sababu kichwa chamwuma kila jioni. Daktari amfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia presha, ampandisha juu ya mizani, aandika, kisha amwambia: "Mama, presha yako iko juu. Nitakupa vidonge. Lakini hapana budi upunguze uzito." Mama atoka pale na karatasi ya dawa mkononi. Habari ya vidonge aielewa. Habari ya kupunguza uzito haielewi, tena yamchoma. Kwake ni kana kwamba ameamriwa arudi katika umaskini ule ambao alihangaika miaka ishirini apate kuuacha.

Wanaoambiwa neno hilo si matajiri wa Kinshasa peke yao, kama wengi wanavyodhani. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika Kongo nzima mwaka 2013 na 2014 ulionyesha mambo mawili yaliyoonekana kama hayapatani. Kati ya watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 43 walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa chakula kifaacho. Na papo hapo, kati ya wanawake 100, karibu 16 walikuwa na uzito uliopita kiasi, yaani walizidi kidogo hata wale waliokonda kupita kiasi. Mambo hayo mawili hukutana mara nyingi katika nyumba moja: mtoto ana tumbo kubwa na miguu myembamba, na mama yake ahema akipanda kilima kidogo. Wote wawili wala bugali na mafuta, na wote wawili wamekosa kitu kimoja, yaani mboga, maharagwe, samaki na matunda ya kutosha.

Kwa nini neno hili ni gumu kwetu

Mahali petu papo kwenye barabara kuu itokayo Beni kwenda Komanda, kilomita zinazokaribia 60 kutoka Beni, pale Kivu ya Kaskazini inapopakana na Ituri. Kila mtu ajua yaliyotupata. Mwezi wa Oktoba mwaka 2014 wauaji waliingia Eringeti usiku. Tarehe 29 Novemba 2015 walirudi, wakashambulia hata hospitali. Watu walikimbilia Oicha na Beni wakiwa na vifurushi kichwani, wakarudi, wakakimbia tena. Katika miaka hiyo wembamba wa mtu ulikuwa habari kamili: ulisema kwamba huyu amelala porini, huyu amekula mihogo mitupu, huyu ameacha shamba lake. Na hata kabla ya vita, tangu ugonjwa wa ukimwi uenee nchini, mtu akikonda majirani walikwisha kuhukumu bila kumwuliza daktari.

Kwa hiyo mama yetu akianza kupungua, hapungui peke yake nyumbani mwake. Wako watakaosema ana ugonjwa wa siri. Wako watakaosema amerogwa na mwenzake wa sokoni. Na mume wake atasikia kwamba hamlishi mke wake, jambo ambalo kwa mwanamume wa kwetu ni aibu isiyo ndogo. Tumeona waume ambao wao wenyewe walimkatisha mke safari hiyo njema, si kwa ukali, bali kwa kumletea kila jioni mishikaki na soda ili majirani wanyamaze.

Haifai kuwacheka watu hao. Wazee wetu waliopenda mtu mnene hawakuwa wajinga. Mahali penye njaa kila mwaka, mafuta ya mwili ni akiba, kama mahindi yaliyotundikwa juu ya moshi. Wala unene si dhambi, na daktari si padre wa kuungamisha. Hata Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, mapokeo husema alikuwa mtu wa mwili mkubwa sana. Swali la daktari ni jingine kabisa. Yeye auliza: akiba hii inafanya nini ndani ya mishipa ya damu?

Mizani, hesabu na kamba

Damu husukumwa na moyo katika mishipa kama maji katika mpira. Mwili ukiongezeka, moyo una kazi kubwa zaidi, figo hushika chumvi na maji kuliko inavyopasa, na nguvu ya damu hupanda. Presha ikifika 140 juu ya 90, ikapimwa siku mbalimbali na kukutwa hivyo hivyo, madaktari huiita ugonjwa. Ubaya wake ni kwamba huenda mtu asisikie kitu. Aweza kuimba katika kwaya Jumapili, na Jumatano akaanguka sokoni, mkono na mguu wa upande mmoja vimekufa, mdomo umepinda. Watu husema ni uchawi. Ni kiharusi, yaani mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka. Mafuta yanayojaa tumboni huleta pia ugonjwa wa sukari, ambao nao huharibu macho, figo na miguu.

Je, daktari ajuaje kwamba uzito umepita kiasi? Hesabu yake ni ya zamani, na aliyeianzisha ni Mbelgiji, Adolphe Quetelet, aliyezaliwa Gent mwaka 1796, mtu wa hesabu na nyota. Aliona kwamba uzito wa watu wazima huenda sambamba na urefu wao uliozidishwa kwa wenyewe. Mmarekani Ancel Keys aliipa hesabu hiyo jina jipya mwaka 1972, na sasa yatumika duniani kote. Wanafunzi wetu na waifanye katika daftari. Mama ana kilo 95 na urefu wa meta 1.60. Zidisha 1.60 kwa 1.60, utapata 2.56. Gawanya 95 kwa 2.56, utapata 37. Jibu lililo kati ya 18.5 na 25 ni zuri. Kutoka 25 uzito umezidi. Kutoka 30 ni unene wa hatari.

Lakini hesabu hiyo haioni kwa macho. Kijana asukumaye chukudu Butembo kutwa nzima aweza kuwa mzito kwa sababu ya misuli, wala hana mafuta. Ndiyo maana twapendelea kamba. Chukua kamba, mtu asimame wima, ukate kamba iwe sawa na urefu wake tangu kisigino hata utosi. Uikunje mara mbili. Sasa mzungushie kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Ikizunguka na ncha zikakutana bila kuvuta, vema. Zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala fedha. (Mizani ya wanunuzi wa kakao tusiitumie kupimia watu, sifa yake mbele ya wakulima twaijua sote.)

Sasa sikilizeni jambo ambalo mama aliyetoka hospitali kwa huzuni hakuelezwa, au alielezwa asisikie. Daktari hamtaki apungue mpaka kilo 64, ambazo hesabu yaziita nzuri kwa urefu wake. Ataka kwanza sehemu 5 katika 100, yaani kilo 5 hivi. Kwa kilo hizo 5 tu, mama huyo akibaki mnene machoni pa wote, presha hushuka na sukari katika damu hutulia. Kwa wastani kila kilo inayoondoka hushusha ile namba ya juu ya presha kwa kipimo kimoja hivi. Si kubwa, lakini hujumlika na kazi ya vidonge na ya kupunguza chumvi. Majirani huenda wasione hata badiliko.

Habari za mzika wafalme

Ushauri huu si mpya. Zamani huko London palikuwa na mtu aliyeitwa William Banting, ambaye jamaa yake ilikuwa na kazi ya kutengeneza mazishi ya wakubwa wa Uingereza. Alikuwa na urefu wa sentimeta 165 na uzito wa kilo karibu 92. Hakuweza kuinama afunge viatu vyake, na ngazi alizishuka kinyumenyume kwa kuogopa maumivu ya magoti. Madaktari walimwambia afanye mazoezi. Alitwaa mashua, akapiga makasia mtoni kila asubuhi. Misuli ikapata nguvu, na njaa ikapata nguvu zaidi, akazidi kula na kunenepa.

Mwezi wa Agosti mwaka 1862 alikwenda kwa daktari wa masikio, William Harvey, maana alikuwa hasikii vizuri. Daktari huyo alimwambia kwamba mafuta ndiyo adui, akamkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Nyama, samaki na mboga aliruhusiwa. Tena aliruhusiwa divai nyingi, jambo ambalo daktari wa leo asingelikubali. Kwa mwaka mmoja alipungua kilo karibu 21. Alifurahi hata akachapisha kijitabu kwa fedha zake mwaka 1863, na jina lake likawa kitenzi: mpaka leo Waswidi wakitaka kusema mtu anapunguza uzito, hutumia neno lililotoka katika jina la mzishi huyo. Aliishi hata mwaka 1878, umri wake miaka 81.

Twaona mambo mawili katika habari zake. La kwanza, makasia peke yake hayakumsaidia. Anayetembea nusu saa kisha akanywa chupa mbili za soda kwa sababu amechoka, amerudisha alichotoa na zaidi. La pili, alichokataa Banting ni vile vitu vilivyokuwa vingi juu ya meza yake. Meza yetu ni nyingine, kwa hiyo na makatazo yetu yatakuwa mengine.

Katika chungu

Tuanze basi na chungu, maana kwa mtu wa Eringeti chungu ndicho kilicho karibu zaidi na mkono wake.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori, kama moto wa kuni. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mawese kina kalori 120. Katika sombe la nyumba nyingi mafuta hayapimwi kwa kijiko, hupimwa kwa jicho, mpaka sombe ling'ae. Mafuta ya mawese si mabaya yenyewe. Rangi yake nyekundu humpa mtoto vitamini iokoayo macho yake, wala asinyimwe. Lakini mama mwenye kilo 95 aweza kupakua sombe lake kabla ya kuongeza mafuta ya mwisho, watoto wakapata lao baadaye. Akiacha vijiko viwili kwa siku, ni kalori 240. Chai yake ya vikombe vitatu, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ina kalori 140 hivi kwa sukari tu. Chupa ndogo ya soda ina kalori nyingine 140. Jumlisheni: yafika 520. Mafuta ya mwili kilo moja ni kalori karibu 7,700. Basi mtu aachaye kalori 500 kila siku, mwanzoni hupungua nusu kilo hivi kila juma, wala hajagusa bado bugali yake.

Bugali yenyewe, ambayo Wanande huiita obundu, haina kosa ila wingi wake na upweke wake. Unga wa mihogo ni wanga karibu mtupu. Sahani ya kwetu mara nyingi ni mlima wa bugali na ziwa dogo la mboga pembeni. Geuzeni sahani hiyo. Nusu yake iwe lengalenga, kabichi au biringanya, robo iwe maharagwe au samaki, na robo iliyobaki iwe bugali, au makemba, au wali. Si vyote vitatu pamoja kama sikukuu. Maharagwe na kabichi za Lubero hupanda kila juma katika malori kuja kwetu. Samaki wabichi au wakavu wa Kyavinyonge, katika Ziwa Edward, ni bora kuliko makayabo, ambayo chumvi yake yatosha kuharibu kazi ya vidonge. Kwa siku nzima mtu mzima apaswa asizidishe gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kidogo kimoja, na hesabu hiyo yaingiza hata vile vidonge vya supu ambavyo sasa vimekuwa ufunguo wa kila chungu.

Kwa akina baba, mazungumzo huwa mafupi zaidi. Chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 72, ina kalori zinazokaribia 300. Mwenye kunywa tatu kila jioni amekula chakula cha pili cha usiku bila kutafuna. Kasiksi nayo ni chakula, maana ni ndizi zilizogeuka. Daktari akimwuliza baba, "Wakunywa kiasi gani?" na baba akajibu, "Kidogo tu," wote wawili hujua kwamba neno hilo halina kipimo.

Lakini ugumu mkubwa zaidi haumo katika vyakula hivyo. Umo katika kula pamoja. Sisi twala katika sahani moja, mikono mitano au sita, na atangulizaye kunawa huambiwa, "Umeshiba wapi?" Katika matanga na arusi, kukataa chakula ni kama kukataa watu. Mwenye kutaka kupungua na apakuliwe sahani yake mwenyewe, akaile polepole, asiimalize kabla ya wengine. Mwenyeji humtazama yule aliyekwisha kumaliza, humwongezea. Katika arusi achukue kidogo kutoka kila sinia, asifu mapishi kwa sauti, na maneno ya sifa yatamridhisha mpishi kuliko kijiko cha tatu.

Miguu, na njia zake

Madaktari wa mahali pengine humaliza kwa neno jepesi: "Tembea." Shirika la Afya la Ulimwengu latoa kipimo, dakika 150 kila juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Hapa ndipo sisi wa Eringeti tunaposimama, tukitazamana.

Mama zetu hawakuhitaji kipimo hicho. Walikwenda shambani kwa miguu kilomita tano au nane, wakalima, wakarudi na mzigo wa kuni na mihogo mgongoni, kisha wakatwanga. Bugali ile nyingi ilikuwa mafuta ya taa iliyowaka. Leo shamba liko mahali pale pale, lakini njia yake imemwaga damu. Mashamba ya kakao yamo katika msitu, na ndimo watu wengi walimouawa tangu mwaka 2014. Waliokimbilia Oicha au Beni walipoteza siku moja kazi ya miguu na ya mikono, wakabaki wameketi mbele ya nyumba ya kukodi, wakauza vitu vidogo, wakanunua chakula badala ya kukilima. Nao waliobaki na kakao walipata fedha zisizotarajiwa; mwaka 2024 bei ya kakao katika masoko ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani moja. Fedha hizo zilinunua mabati, zikalipa masomo, zikanunua na pikipiki. Sasa mtu aitwa na taksi-moto mlangoni pake ili apelekwe sokoni, mahali ambapo bibi yake angefika kwa muda wa kusali rozari moja. Vita na fedha, vitu viwili visivyofanana hata kidogo, vimefanya kazi moja katika miguu yetu.

Basi hatumwambii mtu yeyote apite alfajiri njia za mashambani ili kupunguza tumbo. Daktari asemaye hivyo hajui anenalo. Atembee mchana, katikati ya mji, pamoja na wenzake: kutoka nyumbani hata sokoni na kurudi, kutoka nyumbani hata kanisani, akiacha pikipiki ipite. Awapeleke watoto shuleni kwa miguu. Mama mwenye kibanda cha biashara asikae kwenye kiti tangu asubuhi hata jioni; asimame, apange, azunguke. Na siku ambazo hata mchana hautoki nyumbani, liko kinu. Kutwanga sombe kwa dakika kumi na tano hutoa jasho la haki, wala si kazi ya kumwachia msichana wa nyumba kila siku. Kuchota maji, kulima bustani nyuma ya nyumba, kufua kwa mikono, kucheza ngoma katika mazoezi ya kwaya, mwili hauulizi jina la kazi.

Iko pia habari ya jioni. Kwa sababu ya hofu watu hujifungia mapema, na kati ya giza na usingizi yamebaki masaa matatu au manne yasiyo na kazi. Katika masaa hayo ndipo mandazi, njugu na chai tamu hupita mikono kwa mikono, si kwa njaa, bali kwa mashaka na uchovu. Kila nyumba iangalie masaa hayo matatu kuliko hata chakula cha mchana. Chungu kikiisha kuoshwa mapema, maneno huwa machache.

Mambo ya kuangalia

Yako masokoni majani, vidonge na chai zinazouzwa kwa sifa ya kukausha mafuta kwa siku saba. Nyingi huharisha tu, au hutoa mkojo mwingi. Mtu hupoteza maji, mizani yamdanganya, na mafuta yamebaki pale pale. Kwa mwenye figo zilizochoka ni hatari ya kweli. Wala mtu asiache vidonge vya presha kwa sababu ajisikia mwepesi. Presha nzuri yaweza kuwa ni kazi ya kidonge kile kile anachotaka kukitupa.

Wengine husubiri Kwaresima wafanye mambo mawili kwa funga moja. Shauri letu ni kutenganisha. Kufunga kutwa kisha kula usiku mara mbili hakupunguzi kitu, na mwenye ugonjwa wa sukari anayemeza dawa aweza kuzimia sukari ikishuka. Huyo amwulize daktari kwanza, na padre wake hatamlazimisha. Mama mjamzito na mama anyonyeshaye wasianze mambo haya wenyewe. Mtoto asipunguzwe kamwe chakula kwa kuwa mama yake anapungua. Kule Lwiro, katika Kivu ya Kusini, waganga wa chuo cha uchunguzi kilichoanzishwa mwaka 1947 walijifunza kwa miaka mingi jinsi mtoto anavyovimba na kufifia kwa kukosa chakula chenye kujenga mwili, na hospitali ya huko yajua watoto hao hata sasa.

Na mtu apunguaye bila kutaka, ambaye hajabadili chungu wala miguu, na nguo zamlegea, na akojoa mara nyingi au akohoa kwa majuma, huyo asifurahi. Aende hospitali upesi. Yaweza kuwa ugonjwa wa sukari, au kifua kikuu, au jambo jingine linalotibika likiwahiwa.

Katika majuma mawili ya kwanza uzito hushuka haraka, maana maji hutangulia. Katika juma la tano au la sita mizani husimama. Hapo wengi huacha, wakisema mwili wao umekataa. Haukukataa. Mwili mwepesi watumia moto kidogo kuliko mwili mzito, kwa hiyo hupungua polepole zaidi, na juma jingine husimama kabisa kabla ya kushuka tena. Kupima kila asubuhi ni kujitesa. Yatosha mara moja kwa juma, kwa mizani ile ile ya kituo cha afya, au kwa kamba.

Kwa mume tuna neno moja. Majirani watakuuliza, na watakuuliza wewe kabla ya kumwuliza yeye. Ukijikuna kichwa na kucheka, umewapa ruhusa ya kutunga maneno. Jibu kwa sauti ya kawaida: "Ndiyo, ana presha, daktari alimwambia apungue, nasi twala hivyo nyumbani." Kisha uitwae sahani yako iliyo na mboga nusu, ule mbele yao.

Mwezi ukiisha, mama arudi kwa daktari hata kama hana maumivu. Atapimwa mkono uleule, akiwa ameketi na kupumzika dakika tano, asiwe ametoka mbio sokoni. Ile kamba iliyokunjwa mara mbili aifunge fundo pale ncha zilipoishia siku ya kwanza, na fundo jingine pale zilipofika sasa. Kamba hiyo na vidonge vilivyobaki viende naye hospitali. Daktari atataka kuviona vyote viwili kabla ya kuandika karatasi nyingine.